Saa ya Bure na Pima Moja Iliyopinda

Jumapili ya kurudisha saa nyuma, Novemba
Lanham, Maryland

Jua limetoka lakini halina joto. Mti wa nyuma ya jengo letu umeangusha majani yake yote ndani ya siku mbili, na sasa kutoka dirishani naona mpaka barabara kuu, magari yakipita bila mwisho. Chai nimeinywa nusu.

Mnaonisoma tangu zamani mnajua kwamba taarifa yangu ya mwaka naiandika siku hii. Mwenye wazo hilo alikuwa mume wangu, Salum. Mwaka wetu wa kwanza Marekani tuliamka Jumapili kama hii, tukakuta saa ya simu na saa ya ukutani zinabishana, na jirani akatueleza kwamba saa zimerudishwa nyuma. Salum akafurahi kama mtoto. "Kumbe huku wanagawa saa bure! Bi Fundi, usiilale hiyo. Andika." Bi Fundi ni mimi. Kuanzia hapo, kila mwaka saa ile ya ziada nilikaa mezani na kompyuta, yeye akipika chapati zinazoungua upande mmoja, nami nikiandika nyumba ilivyo na kazi zangu za mikono zilivyokwenda.

Mwaka jana niliandika kwamba sote ni wazima.

Salum alifariki mwezi wa Januari.

Nimeiandika sentensi hiyo, nikaenda kuosha kikombe, nikarudi. Bado ipo.

Alikuwa fundi wa mitambo ya joto na baridi kwenye majengo. Siku ile walikuwa juu ya paa la ofisi moja huko Springfield, upepo mkali, akamwambia mwenzake, "Ngoja nikae kidogo." Akakaa. Ni moyo, walisema. Alikuwa na miaka hamsini na moja. Mfukoni mwake kulikuwa na pipi mbili za tangawizi, moja ameshaifungua karatasi. Waliniletea vitu vyake kwenye mfuko wa plastiki. Ile pipi iliyofunguliwa bado ninayo.

Tulimzika kesho yake, hapahapa Maryland. Ardhi ilikuwa imeganda, ikachimbwa kwa mashine. Kwetu Pangani, maiti akishalazwa na mbao zikapangwa, juu yake hutandikwa mkeka ndipo udongo urudishwe. Mimi ninayesuka mikeka, ambaye nyumba yangu ina mikeka mpaka juu ya kabati, sikukumbuka kuwapa wanaume hata mmoja wakaenda nao makaburini.

Jioni ile dada yake, wifi yangu Mwanaidi, alipiga simu kutoka Pangani. Swali lake la tatu lilikuwa hilo. "Mmemtandikia mkeka?" Nikasema ndiyo.

Nilidanganya. Sijawahi kuliandika hili popote.

Eda nilikaa nusunusu. Kwetu mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Mimi ni mpishi katika jiko la shule ya msingi, na likizo ya msiba ilikuwa ya siku chache tu. Shehe akanielewesha kwamba mwenye haja ya riziki anaweza kutoka mchana. Nikatoka. Sare yetu ya jikoni ni nyeupe, kwa hiyo nilikuwa nimevaa nguo za eda mbele ya shule nzima na hakuna aliyejua. Watoto waliniomba viazi vya kuongeza, nikawaongeza.

Nikirudi nyumbani nilikuta chungu mlangoni. Ni cha jirani yangu wa juu, Mama Furaha, Mkongo wa Uvira, anayetunza wazee majumbani kwao. Yeye ni Mkristo, mimi Mwislamu, na jioni nyingi alikaa na mimi bila kusema neno. Siku moja tu alisema, "Mama Rukia, mimi nilizika bwana yangu mu kambi. Sina kitu ya kukuambia. Nilileta sombe."

Sombe ni kisamvu chao. Ilinitosha.

Binti yetu Rukia ametimiza miaka kumi na saba. Yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, amepata leseni, na anaendesha gari kama baba yake, kiwiko dirishani hata kukiwa na baridi. Anaandika kwa mkono wa kushoto, pia kama baba yake. Kiswahili anakisikia chote na anajibu kwa Kiingereza. Anajaza fomu za vyuo, na vingi viko mbali. Ananionyesha picha za mabweni, mimi natabasamu, kisha natafuta sababu ya kwenda jikoni.

Kusuka hakutaka. Nilimfundisha akiwa na miaka minane, akaishia kulia, kwa sababu mkono wake ulitaka kwenda huku na wangu ukawa unamvuta kule. Salum alisimama mlangoni akasema, "Mwache, huyo ni wa kwangu." Tukaacha.

Upande wa kazi: mwaka huu sikutengeneza vikapu vya bazari ya Idi. Darasa langu la Jumamosi pale maktaba nililisimamisha, nikalirudia Septemba na wanafunzi watano. Yote mengine, kila kitu, yamekwenda kwenye mkeka mmoja.

Kwa mgeni wa ukurasa huu nieleze kidogo. Mkeka hausukwi mzima. Unapasua majani ya ukindu yaliyotiwa rangi, unapata vipande vyembamba tunavyoviita chane. Chane unazisuka ziwe utepe mrefu, huo ndio ukili. Kisha ukili unaushona ubavu kwa ubavu, kwa sindano kubwa, mpaka upate upana unaoutaka. Urefu wake tunaupima kwa mikono miwili iliyonyooshwa, pima. Wangu una pima sitini, mweusi, kijani na rangi ya udongo. Ukishashonwa utajaza ukuta mzima.

Na ukuta upo. Ni wa ukumbi wa sanaa wa hapa kaunti, onyesho langu la kwanza la peke yangu baada ya miaka kumi na minne ya kuuza vikapu kwenye meza za kukunja. Lilipangwa Aprili. Dorothy, mama anayeusimamia ukumbi, alilisogeza mbele bila mimi kumwomba. Sasa ni Jumamosi hii inayokuja. Alhamisi saa nne asubuhi atakuja na gari kuuchukua mkeka. Ameshaniambia wamefunga taa moja juu, itaangaza katikati kabisa.

Leo ni Jumapili. Mkeka uko vipande viwili sakafuni.

Nitaeleza, lakini lazima kwanza niseme habari ya bafuni.

Baridi ikianza, nyumba za huku zinawashwa joto na hewa yake inakauka. Chane zinakatika mikononi kama tambi mbichi. Pangani hatuijui shida hiyo. Kwa hiyo majira ya baridi mimi husukia bafuni. Salum alikuwa akioga kabla ya kwenda kazini, kwa maji ya moto kuliko anavyoyapenda, na akitoka anafunga mlango nyuma yake haraka ili mvuke usitoroke. Kisha anagonga chumbani: "Bi Fundi, mvuke huo." Mimi naingia na kigoda changu, nakaa kati ya sinki na beseni la kuogea, nasuka mpaka kioo kikauke. Dakika ishirini hivi. Kazi yangu yote katika nchi hii imetoka kwenye hizo dakika ishirini.

Januari mlango uliacha kugongwa.

Nilirudi kwenye ukili mwezi wa Machi. Niliukuta umeviringishwa ndani ya mfuko wa mto, nikakaa nao mapajani muda mrefu. Sikukumbuka nilipoishia. Nilishika tu ncha nikaendelea, na birika la umeme likichemka pembeni yangu. Nilisuka masika, nikasuka kiangazi chote, na Oktoba nikaanza kushona.

Ijumaa nikaliona kosa.

Kuna mstari mweusi unaotakiwa kunyooka toka mwanzo wa ukili mpaka mwisho. Katikati unahama. Unapanda, unashuka, unapanda tena, kama njia inayokwepa madimbwi, kwa urefu wa pima moja kamili. Kisha unanyooka kana kwamba hakuna lililotokea. Nilihesabu pima kutoka mwanzo. Nikilinganisha na kasi yangu ya kila mwezi, niliangukia Januari.

Basi nikajua. Ni mikono yangu ya msiba. Nilisuka siku zile bila kujitambua na sikumbuki, kama nisivyokumbuka nani alinivua viatu usiku ule. Na pima hiyo inakaa katikati, chini ya taa ya Dorothy.

Mama Furaha alishuka kuomba chumvi akanikuta nimepiga magoti juu yake. Nikamwonyesha. Aliinama, akavaa miwani, akavua.

"Kamustari kenyewe ni kale?"

"Ndiyo hako."

"Ah, Mama Rukia! Nani ataona? Na bakiona, bazungu batasema ulifanya makusudi. Batalipenda kuliko yote."

Nilicheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Lakini sikutulia. Nikaupiga picha, nikamtumia Wifi Mwanaidi. Yeye ndiye aliyenifundisha nikiwa mchumba wa kaka yake, na hana huruma na ukili. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti: "Wifi, mkeka huo umelewa. Utautundika mbele za watu katika hali hiyo? Kata hicho kipande, unga ncha, na chane zake zitakufaa kwingine."

Nikakata. Mkasi ulilia kama unakata karoti.

Leo asubuhi, saa ile ya bure, niliamka nikakaa sakafuni na kile kipande. Chane nyeusi zimeniishia, na nilizihitaji hizo za ndani yake kumalizia ukingo. Nikaanza kufumua. Kufumua ukili ni kazi ya taratibu, unaenda kinyume cha kila ulichofanya. Niliweka beseni la maji pembeni ili baadaye nilowanishe chane zinyooke, nizisuke upya. Jua likapanda ukutani. Nilikuwa nimetulia hasa, niseme kweli. Niliona nafanya jambo la busara.

Nilipofika nusu, vidole vyangu ndivyo vilivyoanza kuuliza.

Chane ikiisha unaingiza nyingine, na mkia wa ile ya zamani unaufutika usionekane. Mimi huufutika chini, upande wa kulia. Sifikirii, mkono unakwenda wenyewe. Hapa mikia yote ilikuwa imefutikwa kushoto. Mingine haikufutikwa hata chini, iko juu, imetokeza kama nywele za mtoto. Nikajiambia kwamba msiba unaweza kumfanya mtu lolote. Nikapiga picha ya karibu, nikamtumia wifi, nikaendelea kufumua.

Hakutuma ujumbe. Alipiga. Huku saa tatu asubuhi, kwao saa kumi na moja jioni, nasikia kuku wake nyuma.

"Wifi, weka mkasi chini."

"Mkasi niliuweka tangu Ijumaa. Nafumua kwa mkono."

"Basi weka mkono chini. Hapo alisuka nani?"

"Mimi."

"Wewe una mkono wa kushoto tangu lini?"

Niliitazama mikono yangu. Wifi akaanza kunisimulia taratibu, kama mtu anayetembea gizani akipapasa ukuta. Kwamba walipokuwa wadogo, mama yao akisuka na mabinti uani, Salum alikuwa akija kukaa nao. Kwao mwanamume hukata ukindu akauleta, hasuki, wenzake watamcheka mpaka ahame. Lakini yeye alikuwa akiiba ncha ya ukili wa mtu, anasuka kinyumenyume kwa kile kishoto chake, na mama anamfukuza na ufagio: nenda kacheze mpira na wenzio! "Mikia yake ilikuwa hivyohivyo," wifi akasema. "Inatokeza. Mama alikuwa akiiita nywele za Salum."

Nikageuka. Rukia alikuwa amesimama mlango wa jikoni na bakuli lake, kijiko kimesimama hewani.

"Mama," akasema. Yaliyofuata aliyasema kwa Kiingereza, haraka, macho yakiwa kwenye bakuli.

Januari ile, Jumamosi, mimi nikiwa maktaba na darasa langu, baba yake alikuwa akijifungia bafuni na maji ya moto yakitiririka. Jumamosi moja Rukia alishikwa na haja, akagonga, akagonga mpaka akaanza kupiga mlango mateke. Baba yake akafungua. Alikuwa amekaa kwenye kigoda changu, suruali ameikunja magotini, jasho linamtoka, simu ameiegemeza kwenye chupa ya shampuu, na kwenye simu mwanamke fulani anasuka polepole. Ukili wangu uko mapajani mwake. Akamwambia, "Usimwambie mama. Ana wasiwasi hatawahi Aprili. Namsogezea kidogo."

"Nilidhani atakwambia mwenyewe," Rukia akasema. "Halafu akafa. Sikujua kama bado ni siri."

Miezi tisa mtoto wangu amebeba hilo peke yake.

Nikakumbuka. Wiki zile za Januari mimi nilikuwa napasua chane tu, ukili sikuugusa. Jumamosi mbili au tatu za mwezi ule nilirudi nikamkuta Salum ameoga tena, vidole vimekunjamana kama vya dobi. Nilimtania. Nilimuuliza, "Bwana harusi, leo unakwenda kuoa wapi?" Akacheka mpaka akakohoa. Mimi nikaenda kuchambua mchele.

Hilo ndilo lililonipata asubuhi ya leo. Wala siwezi kumlaumu mtu. Pima moja ya mkono wa mume wangu ilikuwa nyumbani kwangu tangu Januari, nimeiviringisha na kuiviringua, nimeikata kwa mkasi, na nusu yake nimeifumua kwa vidole vyangu mwenyewe. Tena kwenye saa yake ya bure.

Wifi alikuwa bado kwenye simu. Nilikuwa nalia, na mtu akilia hachagui linalotoka. Nikamwambia, "Wifi, hatukumtandikia mkeka. Nilikudanganya."

"Nilijua."

"Ulijuaje?"

"Ulijibu haraka mno." Akapenga kamasi. "Mimi nilitandika mmoja huku, kwenye kaburi la mama. Nikasema huo ni wa wote wawili. Usilie, wifi. Sasa tazama hiyo nusu, utaifanyaje?"

Nikajaribu. Ncha iliyofumuliwa bado imeshikana na nusu nyingine nzima, chane zote zimening'inia kwa mpangilio wake, kama nywele zilizofumuliwa nusu kichwa. Nikazishika nikasuka. Mstari ukanyooka. Nikafumua, nikasuka tena kwa kukusudia kukosea. Ukanyooka. Mara ya tatu nilifumba macho, na nilipoyafungua mstari mweusi ulikuwa umesimama wima kama askari. Mkono wangu haujui kupinda alivyopinda yeye. Na ningepinda kwa kuigiza, ingekuwa yangu, isingekuwa yake. Hapo ndipo wasiwasi uliponishika hasa. Kama sitairudisha leo au kesho, nitashona mkeka bila yeye, nao utakwenda ukutani mzuri, watu watausifu, na mimi nitajua.

Rukia aliweka bakuli chini. Alikaa sakafuni mbele yangu, akashika chane moja kati ya kidole na gumba, akaitazama kwenye mwanga.

"Imeshakunjika," akasema.

Sikumwelewa. Akanionyesha. Ukindu uliosukwa ukakaa miezi hausahau. Kila mahali Salum alipoipitisha chane juu au chini, pana mkunjo mdogo, na mikunjo hiyo ilikuwa bado ipo, yote, mmoja baada ya mwingine. Mimi ninayefundisha watu kusuka sikuiona, kwa sababu mkono wangu ulikuwa na haraka ya kusahihisha. Nikatazama beseni la maji pembeni yangu. Ningechelewa kupigiwa simu kwa robo saa, ningekuwa nimezilowanisha na kuzinyoosha zote.

Nimelimwaga lile beseni. Nimelimwaga kwenye sinki nikalipindua kabisa, kama vile maji yanaweza kurudi.

Rukia akachukua chane ya pembeni kwa mkono wa kushoto, akaikunja pale ilipokuwa imekunjika. Ikalala. Akachukua ya pili. Nilitaka kumwambia shika hivi, kaza hapo. Nilikumbuka alivyolia akiwa na miaka minane, nikaificha mikono yangu kwapani. Alisuka urefu wa vidole vitatu. Mstari mweusi ukapanda, ukashuka. Mkia mmoja ukatokeza juu.

"Ona, nywele," wifi akasema kwenye simu.

Kisha chane ikakatika. Pa! Ilikuwa kavu, joto la nyumba limewashwa tangu jana. Rukia aliishika ile iliyokatika kama ameua kitu. Nikamwambia haidhuru, tutaiunga, na moyoni nikahesabu: chane kumi na tatu, nusu pima, na hewa hii. Tukiendelea hapa sakafuni zitakatika zote. Zinahitaji mvuke. Lakini mvuke ukizidi mikunjo itafunguka, na ikifunguka imekwisha, hakuna popote palipoandikwa alivyosuka.

Nimemweleza hayo yote. Akauliza baba yake alikuwa akiweka maji ya moto kiasi gani. Nikasema ya kutosha kioo kififie lakini bado ujione macho. Amekwenda.

Ndiyo maana niko mezani naandika. Sijui la kufanya na mikono yangu.

Kwa hiyo taarifa ya mwaka huu ni hii. Tumebaki wawili. Mkeka haujaisha. Leo tunatakiwa kusuka nusu pima kwa mkono wa mtoto ambaye hajashika ukili tangu akiwa na miaka minane, kesho na keshokutwa nikitoka jikoni niunge kipande mahali pake na kumaliza mishono ya katikati, Jumatano ukingo, sasa bila nyeusi, Alhamisi Dorothy yuko mlangoni. Patakuwa na makovu mawili mahali nilipokata, hayo hayafichiki. Mstari utapinda chini ya taa na sijui atasemaje. Pengine atauliza kama ni makusudi, kama alivyotabiri Mama Furaha, na sijui nitamjibu nini kwa Kiingereza changu. Nitasema mume wangu alipita hapo. Labda hiyo inatosha. Na labda chane zitakatika zote leo hii na nisiwe na la kumwonyesha.

Rukia akienda chuo, nani atanichemshia maji? Hilo nalo limenijia sasa hivi. Si la leo. Naliweka pembeni.

Chapati hakuna mwaka huu. Nimeshindwa kuzipika, zangu haziungui.

Nasikia maji yamefungwa. Mlango wa bafuni umefungwa haraka, kama unavyotakiwa kufungwa. Sasa hatua zinakuja huku, na mtoto wangu ambaye hujibu kila kitu kwa Kiingereza amegonga meza mara mbili nyuma yangu.

"Bi Fundi," amesema. "Mvuke huo."

Naacha hapa. Kioo kinakauka upesi.